MAJANI, KIDONGE NA KIPIMO (Sehemu ya 1 hadi ya 5)

SEHEMU YA 1: CHUPA ILIYO CHINI YA KIKAPU

  Baada ya lile somo la presha niliahidi kuandika kuhusu kisukari na dawa za miti shamba, maana meseji zimekuwa nyingi mno kujibu moja moja. Nimeyagawa mambo sehemu tano. Soma taratibu, usirukie ya mwisho.

Maswali yenu ninayajua kwa kichwa sasa. "Sista, mlonge unatibu sukari?" "Sista, nikinywa mwarobaini asubuhi, kidonge niache?" "Sista, nimeona video, manjano na tangawizi zinaondoa inflamesheni, na inflamesheni ndiyo chanzo cha kisukari. Ni kweli?"

Swali hili la tatu ni zuri kuliko mnavyodhani, na tutalitendea haki.

Kwanza nikwambie ninachokiona. Siku ya kliniki ya kisukari na presha mimi ndiye ninayekutoboa kidole. Kabla ya kutoboa nauliza: "Kuna dawa nyingine unayotumia nyumbani?" Jibu ni lile lile: "Hapana sista." Halafu mtu anainama kutafuta kadi yake kwenye kikapu, na chini ya kitenge naona shingo ya chupa ya maji yenye kitu cha rangi ya kahawia. Mimi nimeiona, yeye ameona kwamba nimeiona, na sote tunanyamaza.

Anaficha kwa sababu anaogopa kugombezwa. Na tuseme ukweli, wagonjwa wanagombezwa. Kuna sehemu mtu akisema "nimekunywa mizizi" anaangaliwa kama mtu aliyeiba. Kwa hiyo anajifunza kunyamaza, na akishajifunza kunyamaza, hakuna anayejua ndani ya mwili wake kuna nini na nini.

Mimi siko upande wa kugombeza. Nimezaliwa Usukumani, nimeogeshwa kwa majani kama ninyi, na najua kwamba kabla ya zahanati watu walikuwa na mfumu. Sheria ya nchi yetu yenyewe inaitambua tiba asili: tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, tuna Baraza linalosajili waganga na dawa zao, na pale Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili ambayo mizizi yake ni kitengo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1974. Serikali inayowasajili waganga haiwezi kusema miti haina kitu.

Ninachotaka kusema katika sehemu hizi tano ni kifupi: miti ina dawa kweli, lakini jani unalolificha haliwezi kukutibu vizuri wala haliwezi kamwe kuwa dawa ya wengine. Twende.

SEHEMU YA 2: HUO "MWAKO" NI KITU GANI

Ukijikata na jembe, pale penye jeraha panavimba, panakuwa pekundu, panapata joto, panauma. Hiyo ndiyo inflamesheni. Mimi nitaiita mwako. Ni askari wa mwili wamefika kupigana na vijidudu na kusafisha takataka. Kazi ikiisha, wanaondoka, kidonda kinapona. Bila mwako huo ungekufa kwa mwiba wa mgunga.

Tatizo ni mwako usioisha. Huu hauumi, hauonekani, na haukulazi kitandani. Unafukuta kidogo kidogo kwa miaka.

Wakulima wa pamba mtanielewa haraka. Ghala likijazwa kupita uwezo wake, na pamba ikashindiliwa ikiwa na unyevu, katikati kunaanza joto. Kwa nje huoni moshi wowote. Ukipenyeza mkono ndani ndipo unashtuka. Sasa mafuta ya tumboni, kile kitambi tunachokiita cha heshima, ni ghala la namna hiyo. Seli za mafuta zikijazwa kupita kiasi zinaanza kupata shida, zinaita askari wa mwili, na askari wakifika wanamwaga kemikali zao. Kemikali hizo zinasafiri kwenye damu na kuisumbua insulini isifanye kazi yake vizuri kwenye misuli na ini. Insulini ipo, inabisha hodi, lakini hafunguliwi mtu. Sukari inabaki barabarani, yaani kwenye damu.

Hii si hadithi ya mtandaoni. Mwaka 1993 watafiti wa Boston, Marekani, Gökhan Hotamisligil na wenzake, walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene yanatengeneza kwa wingi kemikali ya mwako iitwayo TNF-alfa, na walipoizuia, insulini ya panya hao ikafanya kazi vizuri zaidi. Tangu hapo dunia nzima ya kisukari, unene, mafuta kwenye ini na magonjwa ya moyo inautazama mwako kwa jicho jingine.

Kwa hiyo aliyekutumia video hakudanganya pale mwanzo. Anapokosea ni pale anaporuka. Anasema: mwako unachangia kisukari, manjano yanapunguza mwako, basi manjano yanatibu kisukari. Inasikika vizuri, si ndiyo? Lakini watafiti walipoizuia ile TNF-alfa peke yake kwa binadamu wenye kisukari, sukari haikushuka kama ilivyokuwa kwa panya. Baadaye wakajaribu salsaleti, dawa iliyo ndugu wa aspirini, ambayo asili ya ukoo wake ni gome la mti. Matokeo ya mwaka 2013, baada ya wiki 48, yalionyesha sukari imeshuka kweli ila kidogo, na uzito ukapanda kidogo pamoja na protini kwenye mkojo. Protini kwenye mkojo ni habari ya figo. Kwa hiyo tafadhali usikimbie dukani kununua aspirini.

Somo la sehemu hii: mwako ni kweli upo, na ni moto mmoja kati ya mioto kadhaa. Kuuzima mmoja hakumalizi ugonjwa.

Kama unadhani haya ni ya watu wa mijini, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu watu 9 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, na karibu 26 kati ya 100 wana presha ya juu. Na kliniki yangu haina watu wa ofisini tu. Nina wafugaji, nina mama lishe, nina wazee ambao hawajawahi kumiliki hata baiskeli.

SEHEMU YA 3: KIDONGE CHAKO KILIANZA KAMA JANI

Wengi wenu mnaomeza metformini hamjui kwamba mnameza mjukuu wa mmea.

Ulaya kuna mmea wenye maua ya zambarau, jina lake la kitaalamu Galega officinalis. Watu wa huko kwa karne nyingi waliutumia kama sisi tunavyotumia ya kwetu, na moja ya mambo waliyoutumia ni kwa mtu anayekojoa sana. Nyinyi mnajua kukojoa sana ni dalili ya nini. Basi wakemia walipouchambua wakakuta ndani yake kuna kitu kinaitwa galejini, na kweli kinashusha sukari. Wakakijaribu kwa wagonjwa. Shida ikawa sumu. Ni mmea ule ule unaoua kondoo wakiula kwa wingi.

Wakaanza kutengeneza ndugu zake maabara, wakitafuta yule mwenye faida bila ile sumu. Metformini ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1922 na Emil Werner na James Bell wa Dublin. Ikakaa kabatini miaka mingi. Mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, akachapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa wa kisukari. Marekani wao hawakuiruhusu mpaka mwaka 1994. Hesabu mwenyewe: kutoka maabara mpaka matokeo ya wagonjwa wa kisukari kuchapishwa miaka 35, na kutoka hapo mpaka kuaminiwa na wote miaka mingine 37.

Mfano wa pili. Kwenye gome la mizizi ya mti wa tufaha kuna kitu kinaitwa florizini, kilichotolewa mwaka 1835. Mwaka 1886 Josef von Mering akaona kwamba kinafanya sukari itoke kwa mkojo. Leo dawa za kundi la dapagliflozini, ambazo daktari anaweza kukuandikia kwa kisukari, moyo au figo, ni uzao wa florizini hiyo. Florizini yenyewe ukiimeza, tumbo linaivunja vunja kabla haijafika inakotakiwa. Ilibidi ibadilishwe umbo.

Kwa nini nakusimulia haya? Kwa sababu nachoka kusikia "hii ya kizungu, hii ya asili" kana kwamba ni makabila mawili yenye ugomvi. Dawa nyingi za hospitali zimezaliwa na miti. Kinachotofautisha kidonge na jani ni vitu vitatu: kimetolewa sumu kadiri ilivyowezekana, kinajulikana kiasi chake, na kimejaribiwa kwa watu wengi walioandikwa majina na matokeo, mazuri na mabaya.

Chukua kiasi peke yake. Manjano yana kitu kiitwacho kukumini, ndicho kinachosifiwa kwa kupunguza mwako. Mwaka 2012 watafiti wa Thailand walichapisha jaribio la watu 240 waliokuwa mlangoni mwa kisukari, yaani sukari imepanda lakini haijafikia ugonjwa. Nusu walipewa vidonge vya kukumini, nusu vidonge vitupu. Baada ya miezi 9, kwa waliopewa vitupu karibu 16 kati ya 100 walikuwa wameingia kwenye kisukari. Kwa waliopewa kukumini hakuna aliyeingia. Ni matokeo ya kusisimua, na ni jaribio moja, la hospitali moja.

Lakini tazama dozi: gramu moja na nusu ya kukumini kila siku. Manjano ya unga tunayonunua sokoni yana kukumini kama gramu 3 tu katika kila gramu 100. Ili ufikie dozi ile ungehitaji gramu 50 za manjano kwa siku, vijiko vya chakula sita au saba vilivyojaa, kila siku, miezi tisa. Na hata ukiyala, kukumini nyingi inapita tumboni bila kuingia kwenye damu. Kile kijiko kidogo kwenye mchuzi ni kitamu, endelea nacho. Usikiite tiba tu.

SEHEMU YA 4: YA KWETU, MOJA MOJA

Hapa ndipo mlipokuwa mnapasubiri.

MLONGE. Unastahimili ukame wetu, na majani yake ni chakula bora: protini, madini, vitamini. Tafiti kwa binadamu zipo, ni ndogo, na baadhi zinaonyesha sukari ya baada ya chakula inashuka kidogo. Ushauri wangu: ule kama mboga, uunge na karanga, furahia. Ukianza kunywa unga wake vijiko vingi kila siku ukiwa kwenye dawa, mwambie nesi wako.

MWAROBAINI. Jina lenyewe ni tangazo, magonjwa arobaini. Kwa wanyama wa maabara unashusha sukari. Kwa binadamu majaribio ni machache. Ninachokijua kwa hakika ni hiki: mafuta yake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wadogo waliopewa kwa mdomo, na mjamzito hatakiwi kuunywa. Uchungu wa dawa haupimi nguvu yake, jamani. Hata sumu ya panya ni chungu.

KARELA. Hii ina sifa kubwa ya kushusha sukari, India na hata huku kwetu. Mwaka 2012 jopo la Cochrane lilikusanya majaribio yaliyofanyika vizuri, likapata manne tu, na yakashindwa kuonyesha kwamba inashinda vidonge vitupu. Wakati huo huo kuna watoto waliowahi kuzimia kwa kushukiwa sukari baada ya kunyweshwa chai yake. Yaani inaweza kuwa dhaifu kwako na kali kwa mwanao.

MDALASINI. Ule mwingi wa madukani ni wa aina iitwayo kasia, una kumarini, ambayo ikizidi inachosha ini. Chai kikombe kimoja si neno. Kijiko kizima kila asubuhi "kwa ajili ya sukari", hapana.

ROZELA, wengine mnaita choya. Hii naipenda. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2010 lilichukua watu 65 ambao presha yao ndiyo kwanza inapanda, wakanywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita, na namba ya juu ikashuka kwa wastani wa kama 7. Ni kidogo, ni ya kweli. Masharti: usiijaze sukari, maana utakuwa unaziba tundu huku unatoboa jingine, na usiache kidonge.

Na sasa ile ambayo hakuna anayeiuza mnadani. NSANSA, CHOROKO, DENGU, MTAMA, UWELE. Zina nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu, na mtama mwekundu na kunde zina kemikali za jamii ile ile inayosifiwa kwenye video. Sisi Simiyu tunalima choroko na dengu, tunapakia kwenye magunia, tunauza zote, halafu pesa tunanunulia soda na maandazi. Nawaza sana jambo hili nikiwa pale mezani na kipimo changu.

Turudi kwenye chupa ya kikapuni. Nimeruhusiwa na familia kusimulia hili, bila jina.

Baba mkwe wangu ana kisukari. Umri wake umepita sabini, anaishi kijijini, na alikuwa anatumia glibenklamaidi. Wasukuma mnajua, mkamwana hamhoji baba mkwe. Siwezi kumkalisha chini nikamuuliza "umekunywa nini?" kama ninavyomuuliza mgonjwa. Heshima ni heshima, hata kama nimevaa sare.

Alfajiri moja simu ya mama mkwe ikaita. Mzee amelowa jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka, anataka kwenda zizini gizani kuhesabu ng'ombe aliokwisha kuwauza. Nikamuuliza mama kitu kimoja: anaweza kumeza? Anaweza. "Mama, vijiko vinne vya sukari kwenye maji, anywe sasa hivi." Shemeji akampakia kwenye pikipiki. Zahanati walipompima, baada ya ile sukari tayari, kipimo kilisoma 2.6. Kawaida hatutaki ishuke chini ya 4. Fikiria ilikuwa ngapi kabla.

Kumbe kwa wiki tatu alikuwa anakunywa maji ya magome aliyonunua mnadani, nusu lita asubuhi na nusu lita jioni, juu ya vidonge vyake. Na usiku ule hakula vizuri.

Sasa sikiliza alichokisema alipopata fahamu vizuri. Alimwambia mdogo wake, ili mimi nisikie: "Mmeona? Miezi yote vidonge vyao sukari ilikuwa kumi na mbili. Dawa ya mnadani imeishusha mpaka mbili. Ipi yenye nguvu?"

Mimi nilikaa na sentensi hiyo siku nyingi, kwa sababu haikuwa ya kijinga. Kitu fulani kilishusha sukari ya mzee. Inawezekana ni magome. Inawezekana ni glibenklamaidi, ambayo kwa wazee inajulikana kwa kushusha sukari kupita kiasi, hasa mtu asipokula. Inawezekana ni vyote pamoja. Na inawezekana mule ndani ya magome kulisagwa kidonge cha hospitali. Usicheke. Mwaka 2008 Singapore watu 150 ambao hata kisukari hawana walilazwa kwa kushukiwa sukari, wanne wakafariki, na ikagundulika dawa za nguvu za kiume walizonunua mitaani, zikiwemo za "mitishamba", zilikuwa zimechanganywa na glibenklamaidi hiyo hiyo.

Tungejuaje ipi ni ipi? Muuzaji alishahamia mnada mwingine. Chupa ilikuwa imeoshwa. Jina la mti mzee hakulijua.

SEHEMU YA 5: LIANDIKE JANI LAKO

Mdogo wake mzee ndiye aliyetusaidia, maana yeye ana ruhusa ya kumwambia kaka yake kitu. Hakumwambia "acha". Alimwambia: "Kaka, kama dawa yako ni ya kweli, kwa nini inaogopa daftari?"

Likanunuliwa daftari. Mama mkwe anaandika: tarehe, alichokula, alichokunywa, kidonge, na sukari siku anapopimwa. Daktari alimbadilishia dawa, akamwekea metformini, na magome yakasimama. Sukari haikushuka mpaka mbili, na mzee alisikitika kidogo, nadhani alipenda ile namba ya ajabu. Ilishuka polepole mpaka kwenye saba na nane. Mlonge anaula kama mboga, umeandikwa daftarini. Soda ya jioni nayo imeandikwa, na siku za soda kila mtu anaziona.

Hajanikubali moja kwa moja. Bado anasema magome yale yalikuwa na nguvu. Nami simpingi, kwa sababu sina ushahidi wa kumpinga, na yeye hana wa kunishinda. Ndiyo hasara yenyewe. Huenda kwenye ngitili zetu, zile zilizorudishwa na mradi wa HASHI kuanzia mwaka 1986 mpaka vichaka vikaota tena, kuna gome ambalo lingekuwa Galega yetu. Lakini gome linalouzwa bila jina, likanywewa kwa siri, likashusha sukari ya mtu asubuhi bila mtu kuandika, hilo limepotea. Hata kama lilikuwa dawa, limekufa pale pale kwenye chupa.

Wengi tunakumbuka mwaka 2011, kikombe cha Babu wa Loliondo, Mchungaji Ambilikile Mwasapila wa Samunge. Shilingi 500 kikombe, dawa ya mugariga, na foleni ya magari ya kilomita na kilomita. Kisukari kilikuwa mojawapo ya magonjwa aliyosema kinatibu. Wapo waliofia njiani na kwenye foleni. Wapo walioacha dawa zao kwa imani. Mti ule wataalamu waliuchunguza, na hilo ni jambo jema. Ila utaratibu mzuri ni mti kuchunguzwa kwanza, halafu foleni.

Sasa yale ya kufanya. Hifadhi hapa.

1. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa sababu ya jani lolote. Na kama wewe au mwanao anatumia insulini kwa kisukari cha aina ya kwanza, sikiliza kwa masikio yote mawili: mwili hautengenezi insulini, na hakuna jani duniani linaloichukua nafasi yake. Siku chache bila insulini zinatosha kumuua mtoto.

2. Kama unakunywa kitu, njoo nacho. Lete chupa, lete na tawi lenye majani kama unalijua. Sema kiasi na saa. Ukigombezwa, usikate tamaa, muulize mhudumu mwingine. Una haki ya kusema ukweli kuhusu mwili wako.

3. Usianze vitu viwili siku moja. Ukianza mlonge na mdalasini na kidonge kipya wiki moja, hata daktari bingwa hatajua nini kimefanya nini.

4. Pima. "Najisikia mwepesi" si kipimo. Sukari ya 15 inaweza isiume popote huku inakula macho na figo.

5. Dalili za sukari kushuka: jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, maneno kuvurugika. Akiweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, kisha ale chakula. Akizimia usimwagie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize kituoni.

6. Muuzaji akisema dawa yake moja inatibu sukari, presha, bawasiri, nguvu za kiume na mikosi, muulize mambo mawili: umesajiliwa na Baraza? Mti huu unaitwaje? Asipojibu yote mawili, hela yako irudi mfukoni.

7. Waganga mnaosoma hapa, najua mpo. Ninyi mna jina la mti, msimu wa kuchimba, na wagonjwa wanaowaamini kuliko wanavyoniamini mimi. Mgonjwa wa kisukari akija kwenu, mwambieni apime kabla na baada, na mkiona anaponyong'onyea mleteni mapema. Kidonda cha mguu kinachokuja mapema tunakiosha. Kinachokuja kimeshanuka, tunaita daktari wa upasuaji, na mtu anarudi nyumbani na mguu mmoja kwenye msimu wa kulima.

Kwa wale wa "sista na wewe unatumia nini?": ninakula nsansa, ninakunywa rozela isiyo na sukari, na nikipata homa ninapima kwanza.

Jumatano ijayo naanza somo la miguu ya mgonjwa wa kisukari, jinsi ya kuikagua kila jioni na viatu gani vya kuepuka. Mpaka hapo, andika kwenye maoni: nyumbani kwenu mnatumia jani gani kwa sukari au presha, linaitwaje kwa Kisukuma, na sehemu gani ya mti mnatumia. Hakuna atakayegombezwa hapa. Mimi nina daftari langu, na ninaandika.